Kigezo cha Uniti Kumi na Sita

Ngoie mwanangu,

Kujidunga, kwa maana nitakayoitumia katika barua hii, si kuingiza sindano mwilini mwako mwenyewe. Kuingiza ndiyo sehemu nyepesi; ngozi ya mwanadamu haina ubishi mkubwa. Kujidunga ni kushika mikononi mwako kiasi, mahali na saa ya dawa yako, bila mtu mwingine kati, huku ukiwa na njia ya kutambua kwamba umekosea kabla kosa halijakuua. Ukiondoa kipande hicho cha mwisho, kinachobaki si kujidunga. Ni kubahatisha kwa sindano.

Nimefundisha wauguzi kwa miaka ishirini na sita na maana hiyo sikuwahi kuwapa. Niliipata mwaka huu, na aliyeumia ili niipate si mimi.

Kesho, treni ikifika, utaondoka kwenda Lubumbashi. Sitakuandikia habari za maji ya kunywa, wala za mlango wa chumba, wala za watu wa kuepuka. Shangazi yako utakayefikia kwake ana maoni ya kutosha juu ya mambo hayo, na atakupa hata yale usiyoyaomba. Nina jambo moja tu. Juzi ulikuwa ukikunja nguo zako, kisha ukaanza kuzikunjua, ukasema: "Papa, nitangoya mwaka moya. Jiolojia haitakimbia. Nkambo anasahau, atajipiga sindano mara mbili tena, na weye hauwezi kuingia mule." Kila kitu katika maneno yako ulikipata kwangu, na kimoja kati ya hivyo ni uongo. Nkambo, bibi yako mzaa mama, hasahau.

Unayajua mengi ya yatakayofuata. Nayapanga upya kwa sababu ulipewa vipande, na aliyekupa alichagua vipande gani.

Mama yako alipofariki, Nkambo aliletwa kwetu kutoka kijijini kwao upande wa Kaniama. Kisukari chake kilikuwa na umri mrefu kuliko wako, na macho yake yalikuwa yamebakiwa na mwanga na vivuli tu. Kaka zake hawakupenda. Mama mkwe, walisema, hakai katika kiwanja cha mume wa binti yake, na hasa binti akiwa hayupo tena. Tukakubaliana juu ya nyumba ndogo ya nyuma, na mlango wake tukaugeuza utazame migomba badala ya ua, ili nikipita nisimwone ndani. Tangu nilipomposa mama yako sijala mbele ya Nkambo wala kumtazama usoni. Hiyo ndiyo bukwe, heshima ya mkwe kwa mama mkwe, na sikuwahi kuiona kuwa mzigo. Nililelewa ndani yake kama nilivyolelewa ndani ya lugha. Lakini tumbo na paja, mahali pawili ambapo insulini huingia vizuri, ni vitu ambavyo macho yangu hayana ruhusa navyo maisha yake yote, na mimi ndiye muuguzi pekee kwenye barabara yetu.

Kwa hiyo ulikuwa wewe. Ulikuwa na miaka kumi na tano ulipoanza kumdunga, asubuhi kabla ya shule na jioni kabla ya bukari, ugali wetu, na malalamiko yake nilikuwa nikiyasikia kupitia ukuta: "Weye unanishona kama gunia ya mihogo." Mwaka wa tatu alichoka. Hakukuchoka wewe, alichoka kungoja. Aliniita dirishani, nami nikakaa nje kwenye kigoda nikimpa mgongo, kama tulivyozoea kuzungumza.

"Docta," alisema, "huyu mutoto atasoma ao ataolewa, moya kati ya ile mbili. Sitaki kungoya mikono ya bantu mpaka kaburi. Macho njo ilikufa. Mikono yangu haiko kipofu."

Nililipokea ombi lile kama tatizo la kitaalamu, na nilifurahi. Naitaja furaha hiyo kwa kuwa ilihusika na yaliyofuata. Mtu asiyeona anaweza kufundishwa kuchoma, chungwa linatosha. Unayakumbuka yale majuma mawili ya machungwa: wewe ndani ukiongoza vidole vyake, mimi nje nikisoma hatua kwa sauti, na yeye akituambia, "Mupige ile chungwa insulini ya kweli, iko na sukari kunipita." Kinachomshinda asiyeona ni mistari ya bomba la sindano. Mistari ilibidi igeuzwe iwe kitu cha kushikika.

Ndipo nikatengeneza kigezo. Nilichukua ganda la kalamu iliyokwisha wino, kwa sababu mwanzi hunywa unyevu wakati wa mvua na kuvimba. Nililipasua kwa urefu ili likumbatie pistoni, nikalikata liwe sawa kabisa na nafasi inayobaki kati ya ukingo wa bomba na kichwa cha pistoni pale dawa inapofika uniti kumi na sita. Anavuta pistoni kupita kiasi kidogo, anachomeka kigezo, anasukuma hadi kigome. Kikigoma, dawa ni kumi na sita. Nilikipima kwa kipimio cha chuma nilichoazima kwa fundi wa karakana ya reli, mara tano, na mara zote tano kilinipa jibu moja. Sijawahi kukipenda kitu nilichokitengeneza kwa mikono yangu kama nilivyokipenda kile kipande cha plastiki.

Kwa miezi minne alijidunga wewe ukiwa umekaa kando yake, mikono magotini, bila kumgusa. Hakukosea. Alikuwa pia na utaratibu wake mwenyewe, ambao sikumfundisha na ambao niliuona wa kitoto: kila akimaliza, hudondosha kifuniko cha sindano ndani ya kopo tupu la maziwa. Kifuniko cha asubuhi, kifuniko cha jioni. Jumapili anavimwaga mapajani, anavihesabu kwa vidole, kisha anavitupa na kuanza upya. Nilidhani ni mchezo wa kujiliwaza.

Kisha ikaja ile asubuhi ya kiangazi. Ulikuwa Bukama kwa siku tatu, kwenye ndoa ya binamu yako. Mabomba ya nusu mililita tuliyoyazoea yalikuwa yamekwisha jioni ya kuamkia safari yako, na mimi nilikuwa nimeleta boksi jipya kutoka famasi. Nikampitishia bomba moja dirishani. Nikasikia akirarua karatasi.

"Docta. Hii bomba iko nene."

"Iko mupya tu, Mama."

"Bupya hainenepeshe kintu."

"Kigezo inaingia?"

"Inaingia. Inacheza kidogo."

"Basi iko sawa. Vuta, kisha sukuma mpaka igome."

Yasome mazungumzo hayo taratibu, kwa sababu kosa lote limo humo. Mwanamke asiyeona alinipa matokeo mawili ya uchunguzi, yote mawili sahihi, nami niliyasikia kama manung'uniko ya uzee. Bomba lilikuwa nene kwa sababu lilikuwa la mililita nzima. Kigezo hupima urefu, na dawa ni ujazo. Urefu uleule ndani ya bomba pana zaidi hubeba dawa nyingi zaidi, na hapa ilikuwa karibu maradufu: zilikaribia uniti thelathini mahali pa kumi na sita. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeliona hilo kama angekuwa amesimama kando ya kitanda. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, nimegeuza mgongo, nikikiamini kijiti. Nilikuwa nimekipima mara tano. Dawa iliyotoka kwa kijiti hicho sikuwa nimeipima hata mara moja.

Akajidunga. Nikasikia kifuniko kikidondoka koponi. Akanywa nusu bakuli ya uji aliotumiwa na Mama Aziza, jirani yetu mwenye duka, yule ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka Maniema na ambaye friji yake ya umeme wa jua ndiyo inayotutunzia insulini. Nusu bakuli tu, kwa sababu uji usio na sukari, alisema, ni maji ya kufulia.

Baada ya saa moja na kitu nilipita kumwita, kama kawaida. Hakujibu. Nikaita tena. Nikasikia pumzi nzito, na kitu kikigonga mbao za kitanda taratibu, kama kisigino. Nilijua mara moja ni nini. Nikakimbia jikoni, nikachukua sukari na kikombe cha maji, nikazunguka nyumba hadi ule mlango wa migombani, ambao tangu tuujenge sikuwa nimewahi kuukaribia.

Hapo nikasimama.

Wewe uliambiwa kwamba nilikimbia kumwita Mama Aziza. Ni kweli kwa maana finyu sana: nilimwita kwa sauti, kutoka pale pale, mkono mmoja ukiwa juu ya pazia na sukari na kikombe vikiwa katika mkono wa pili. Kutoka mlangoni hadi kitandani ni hatua nne. Najua, kwa kuwa nyumba ile niliichora mwenyewe. Niliita mara tatu, nikangoja. Sijui ni dakika ngapi, na mimi ni mtu ambaye hujua dakika.

Mama Aziza alitokea kwenye pengo la ua akifuta mikono kwenye kikwembe.

"Nini, docta?"

"Mama anazimia. Sukari yake imeshuka. Ingia."

"Na weye unafanya nini hapa mulangoni?"

"Siwezi. Iko bukwe wangu. Labda hajajifunika."

Alinitazama, kisha akatazama kikombe mkononi mwangu. "Minyi niko muuza sabuni," alisema. "Weye njo munganga. Na njo minyi naingia?"

"Ingia, Mama Aziza. Nitakuambia yote."

Akapokea sukari na kikombe, akaingia. Nikamwelekeza kupitia pazia: mlaze ubavu, usimmiminie kitu kinywani, lowesha sukari kwa maji kidogo iwe kama uji mzito, isugue kwa kidole ndani ya shavu, upande wa chini, ngoja, rudia. Aliniambia baadaye kwamba sauti yangu ilikuwa tulivu kama ya mtu wa redio. Kisigino kiliacha kugonga. Nilichosikia mwisho wa kungoja kule ni Nkambo mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyekwazwa: "Nani anaweka sukari mu kinywa yangu? Munganga alikataza."

Mama Aziza alicheka hadi akakaa sakafuni.

Nkambo alipopata nguvu nilimwuliza, kupitia dirisha, alijidunga mara ngapi. "Moya," alisema. Nikamwuliza kama huenda ni mbili. "Moya. Hesabu bifuniko." Sikuhesabu. Nilikuwa na maelezo tayari, nayo yalikuwa maelezo mazuri: mzee, yuko peke yake, msimamizi wake amesafiri, amesahau, amerudia. Mambo yote yalikaa mahali pake ndani yake, isipokuwa ushahidi. Nilikuambia hivyo uliporudi, niliwaambia hivyo kaka zake kwa simu, na nilimwambia hivyo yeye mwenyewe, kwa upole, jambo linaloongeza uovu wa tendo langu.

Siku nilipoyasema hayo mara ya kwanza nilikuwa nimekosea tu. Insulini niliikabidhi kwa mwanafunzi wangu mmoja wa kike, aliyekuja kwa pikipiki kutoka upande wa pili wa mji akamdunga kwa kusoma mistari na kuondoka na vifuniko vyake. Siku mbili hilo linawezekana, miaka haliwezekani. Asubuhi ya kurudi kwako nilichukua bomba moja kutoka boksi lile kwa ajili ya somo darasani. Nikasoma maandishi ubavuni mwake. Nikachukua kigezo, nikavuta maji, nikatazama mistari, na hapakuwa na nafasi ya kubishana. Kisha nikamwomba Nkambo anipitishie kopo lake dirishani. Nilivihesabu vifuniko nikiwa nimesimama uani. Tangu Jumapili hadi asubuhi ile ya balaa idadi ilikuwa kamili. Hakikuzidi hata kimoja.

Nikakata kigezo kipya. Cha zamani nikakitia mfukoni. Treni yako ilifika jioni ile, ukaniuliza Nkambo anaendeleaje, nikakujibu: "Anasahausahau." Kuanzia neno hilo, kosa liligeuka uongo.

Nilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza: kaka zake wakijua kwamba mkwe ndiye aliyekaribia kumwua, wangekuja kumchukua, na kule kijijini hakuna friji wala mtu anayejua kushika sindano. Ya pili: aibu. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nanyamaza kwa ajili ya ya kwanza. Nilipozipima bila kujipendelea, ya pili ilikuwa nzito zaidi, na ya kwanza ilikuwa karatasi niliyoifungia.

Wewe uliyaona matokeo bila kujua yanatoka wapi. Ulianza tena kumjazia sindano, naye hakupinga, yeye ambaye hupinga kila kitu. Aliacha kutia chumvi kwenye sahani yake kwa kuwa huenda, alisema, alishatia. Jumapili moja nilimsikia akihesabu vifuniko mara tatu, na mara ya tatu kwa sauti, kama mtoto anayeogopa mwalimu. Alikuwa na njia yake ya kutambua kosa, njia aliyoibuni mwenyewe gizani, na ilikuwa inafanya kazi. Mimi ndiye niliyeivunja. Nilimvunjia imani katika vidole vyake ili nisivunje imani ya watu katika vyangu.

Utakwenda kusoma mawe. Watakupa vyombo bora kuliko kipimio cha karakana, na utavipenda, kwa sababu wewe ni binti yangu. Siku moja mtu asiyesoma, mchimbaji labda, atashika jiwe mkononi akuambie kwamba hili si kama la jana. Utakuwa na haraka, na chombo chako kitakuwa kinasema ni lilelile. Sikuambii umwamini. Nakuambia tu kwamba sentensi "iko mupya tu, Mama" ilinitoka kwa urahisi mkubwa, bila hata kugeuza kichwa, na kwamba hadi leo naweza kuisikia sauti yangu ikiisema.

Leo alasiri, ulipokwenda parokiani kuaga, nilichukua kigoda nikakaa chini ya dirisha lake. Nilimpa mgongo.

"Mama, ile siku ya kiangazi haukujipiga mara mbili."

"Najua."

"Kosa ilikuwa yangu. Bomba ilikuwa nene."

"Nilikuambia iko nene."

"Uliniambia."

Nilisikia kopo likisogezwa mezani. "Minyi nilifikiri kichwa yangu inaoza," alisema. "Kila usiku nilikuwa natajataja majina. Ya mutoto wangu, ya Ngoie, ya bandugu yangu. Nilikuwa naogopa kuamuka na moya imepotea. Weye uliona naogopa?"

"Niliona."

"Na ulinyamaza."

"Nilinyamaza, Mama."

Hakusema kwamba amenisamehe, na hakusema kwamba hanisamehi. Alisema: "Saa ya sindano itafika. Leo nitajijazia minyi mwenyewe. Ngoie asishike kintu."

Ndipo nikamwomba jambo ambalo lilipaswa kunijia tangu siku niliyotengeneza kigezo. Nilimwomba akishajaza, kabla ya kujidunga, aliweke bomba juu ya sahani na kulipitisha dirishani, nilisome, nimrudishie. Dawa ningeiona, yeye nisingemwona. Alicheka, cheko fupi lisilo na furaha nyingi.

"Sahani," alisema. "Docta anafundisha hapa Kamina tangu minyi niko na meno, na dawa ya bukwe ilikuwa sahani."

Jioni, ulipokuwa umekaa mlangoni kwake mikono magotini kama zamani, hukuelewa kwa nini sahani ya bati ilitoka dirishani ikiwa na sindano juu yake. Nililisoma bomba kwenye mwanga wa mwisho wa ua. Kumi na sita. Hapakuwa na hata kiputo. Nikairudisha sahani dirishani. Akajidunga. Kifuniko kikaanguka koponi. Safari hii nilikihesabu kikianguka.

Amekubali sahani kwa juma moja. "Kisha utaniamini ao utaniua," alisema, "lakini sindano yangu hautaisoma tena." Kwa maana niliyoitoa mwanzoni yuko sahihi: anayesomewa kila siku hajidungi. Nimeshayasoma mabomba yote yaliyomo boksini, moja moja, na kigezo cha bomba nene nimekitia mkwaruzo ambao kidole kinaweza kuusikia. Hayo yanaondoa kosa moja, lile ninalolijua. Chupa inaweza kuisha akavuta hewa. Famasi inaweza kuleta aina ya tatu. Anaweza kujidunga sawasawa na asile.

Barua hii nitakupa stesheni kabla hujapanda, si baada. Niliwaza kukuachia uisome ukishavuka Bukama, wakati huwezi tena kushuka, na nikatambua kwamba ningekuwa nimekufanyia lile lile nililomfanyia yeye. Ndani ya bahasha utakuta kigezo cha zamani. Sikuombi uende na sikuombi ubaki. Nasema tu kwamba sababu ya kubaki uliyokuwa nayo juzi niliitengeneza mimi, na ni batili. Ukiwa na nyingine, ni yako, na sina haki ya kuipima.

Limebaki jambo moja, na hili silijui.

Nilipokuwa nikinyanyua kigoda kuondoka, Nkambo aliniita. "Baba Ngoie. Aziza alinielezea vile ulisimama mulangoni na sukari mu mukono, kama nguzo ya sinyali ya reli." Nikasema ndiyo, nilisimama. "Sikukasirika," alisema. "Ungeingia, ningepona na ningekufa na haya. Nauliza ya kesho. Huyu mutoto anaenda. Aziza iko na safari zake za kununua bintu. Siku nitaanguka tena, utaingia ao utasimama?"

Nilifungua kinywa. Alinizuia kabla sijasema.

"Fikiri kwanza. Ukisema utaingia, kila mara nitafunga komeo mbele ya kujipiga. Ukisema hautaingia, nitajua njo uongo ya pili. Uniletee jibu kesho, treni ikishaenda."

Nimelizungusha tangu wakati ule. Anataka kujidunga, nami nimeandika kwamba kujidunga kunahitaji njia ya kutambua kosa kabla halijaua. Siku atakapokuwa hana fahamu, njia hiyo itakuwa mtu, na mtu huyo nitakuwa mimi au hapana yeyote. Nikimwahidi kuingia, nitakuta mlango umefungwa siku nitakayouhitaji uwe wazi. Nikimwahidi kusimama, ama namdanganya, ama, na hili ndilo ninaloliogopa, simdanganyi, kwa sababu mguu wangu ulishapewa nafasi moja ya kuvuka hatua nne na haukuvuka. Muuguzi ndani yangu hana shaka. Mkwe ndani yangu pia hana shaka. Najua pia kwamba anachokilinda kwa lile komeo ni kitu ambacho hajabakiwa na vingi vya aina yake, na kwamba miezi hii nilimnyang'anya kimoja.

Wewe uliingia na kutoka kwenye mlango ule kwa miaka mitatu. Unamjua aliye ndani, na unamjua aliye nje. Mimi baba yako nimeuweka mbele yako ushahidi wote nilio nao, bila kuchagua. Nimjibu nini?